Je, utafiti wa tuzo na maamuzi unaweza kueleza sonona ya vijana wetu?

#1 Binti_Makadara

Salaam aleikum wanajukwaa.

Ninafundisha katika shule moja ya kutwa hapa kisiwani Mombasa, na pamoja na vipindi vyangu nimekabidhiwa dawati la ushauri nasaha. Naleta dai ili mlipime. Kijana wa miaka 15 anapoacha mpira, akajitenga na wenzake na kushinda kitandani Jumamosi nzima, sisi watu wazima hukimbilia moja kati ya majibu mawili: ni uvivu, au ni simu. Mimi nasema kwamba tafiti kuhusu jinsi ubongo unavyopima tuzo na kukata shauri, hasa tuzo ya kukubaliwa na watu, zinaeleza sonona ya umri huu vizuri kuliko majibu hayo yote mawili.

Msingi wake ni huu. Mwaka 1997 Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walichapisha makala iliyoeleza kwamba seli za dopamini (kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni) katika ubongo wa nyani haziitikii tuzo yenyewe, bali tofauti baina ya tuzo iliyotarajiwa na ile iliyopatikana. Nyani akipewa maji ya matunda bila kutazamia, seli huamka. Akishazoea kwamba baada ya ishara fulani maji hufuata, huamka kwa ishara, si kwa maji. Na ishara ikitokea kisha maji yasije, shughuli ya seli hushuka chini ya kiwango chake cha kawaida. Mwaka 2008 Christopher Davey na wenzake wa Melbourne walilipeleka wazo hilo kwa vijana. Walisema kwamba baada ya kubaleghe sehemu ya mbele ya ubongo hukomaa kiasi cha kuweza kutamani tuzo za mbali na zenye utata, kama kupendwa, kuheshimiwa na kuwa na nafasi katika kundi, na kwamba tuzo hizo zinapokosekana mara kwa mara mfumo mzima wa kutarajia hufifia.

Mwanafunzi mmoja alinionyesha kundi la WhatsApp la timu yake. Alikuwa ameuliza, "Mazoezi ni saa ngapi leo?" Alama mbili za buluu zilionyesha kwamba wote wamesoma, na hapana aliyejibu. Chini yake tu mwenzake aliuliza swali lile lile, akajibiwa papo hapo na kutaniwa juu yake. Nilipomshauri aulize tena siku nyingine, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, najua itakavyokuwa." Huyo si mvivu. Amejifunza, na amejifunza upesi mno.

#2 Nahodha_Mstaafu

Waaleikum salaam, mwalimu. Nimeisoma hoja yako mara mbili, na bado naona tunawapamba watoto kwa maneno ya maabara. Sisi katika umri huo tulishinda Bandari ya Kale tukipakua majahazi, na tuzo yetu ilikuwa kuitwa tena kesho yake. Sikumbuki kijana aliyelala kitandani kwa sababu hakujibiwa swali. Kama kutojibiwa ni maradhi, basi bibi yenu amenitia maradhi tangu mwaka 1979.

#3 Muuguzi_Mikindani

Nahodha, bibi apewe salamu zetu, lakini jambo hili lina vipimo vyake. Tunapomwangalia mgonjwa tunatafuta dalili zilizodumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, na dalili kuu ni mbili: moyo uliozama, au kupoteza hamu na furaha katika mambo aliyokuwa akiyapenda. Kwa kijana, moyo uliozama huweza kujitokeza kama hasira za haraka, ndiyo maana wengi huletwa kwetu kama "watoto wakaidi" na si kama wagonjwa.

Kuhusu uvivu, upo mchezo wa maabara ulioundwa na Michael Treadway na wenzake, ukachapishwa mwaka 2009. Mtu hupewa nafasi ya kuchagua baina ya kazi nyepesi na kazi ngumu. Nyepesi ni kubonyeza kitufe mara 30 kwa kidole cha shahada katika sekunde 7, kwa dola 1. Ngumu ni kubonyeza mara 100 kwa kidole cha mwisho cha mkono usio na nguvu katika sekunde 21, kwa fedha inayoweza kupita dola 4. Kabla ya kuchagua, huambiwa uwezekano wa kulipwa. Baadaye watafiti hao waliwapima watu wazima wenye sonona, wakakuta kwamba huchagua kazi ngumu mara chache kuliko watu wengine, na kwamba hawatumii vizuri habari ya ukubwa wa malipo na uwezekano wake wanapokata shauri. Ndicho kinachonifanya nikubaliane na mwalimu: nguvu ya kidole ipo, kilichoharibika ni upimaji wa kama kazi ina faida.

#4 Hesabu_Kibokoni

Naomba niwatie breki kidogo. Nasoma takwimu, na mambo mawili katika #1 na #3 yanahitaji mipaka.

La kwanza, Davey na wenzake walitoa nadharia; makala yao haikuwapima vijana na kuthibitisha. Ushahidi ulio karibu zaidi na dai la mwalimu ni wa Argyris Stringaris na wenzake, wa mwaka 2015, waliotumia takwimu za mradi wa IMAGEN unaowafuatilia vijana wa Ulaya kuanzia umri wa miaka 14. Walikuta kwamba vijana ambao eneo la ndani ya ubongo liitwalo striatamu lilikuwa na mwitikio dhaifu wakati wa kungojea tuzo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona miaka miwili baadaye. Hapo angalau tunaona kilichotangulia. Hata hivyo, tuzo katika mchezo ule ilikuwa alama za ushindi, wala si kupendwa na mtu.

La pili, mwaka 2017 Robb Rutledge na wenzake waliwapima watu wazima wenye sonona kwa mchezo wa bahati nasibu usiohitaji kujifunza chochote, na wakakuta kwamba ishara ya tofauti baina ya matarajio na matokeo iko salama katika ubongo wao, sawa na watu wengine. Kama mashine ya Schultz ingekuwa ndiyo iliyovunjika, ishara ile ingepaswa kuwa dhaifu. Mwalimu anasemaje?

#5 Binti_Makadara

Ahsante kwa #4. Nasema kwamba matokeo hayo yanaipa hoja yangu nguvu badala ya kuiondoa. Mimi sikusema mashine imevunjika. Nimesema kijana amejifunza, na mashine iliyo nzima ndiyo inayojifunza. Tazama utafiti wa Geert-Jan Will, Rutledge na wenzao wa mwaka huo huo wa 2017. Washiriki waliambiwa nani amewapenda na nani amewakataa kati ya watu waliosoma maelezo yao, kisha kila baada ya muda wakaulizwa wanajionaje. Kujithamini kwao hakukufuata idadi ya waliowapenda tu. Kulishuka zaidi pale walipokataliwa na kundi ambalo walitarajia liwapende. Yule kijana wangu hakukataliwa na wapita njia wa Barabara ya Moi. Alipuuzwa na timu yake mwenyewe.

#6 Hesabu_Kibokoni

Sawa, ila washiriki hao walikuwa watu wazima wenye afya, si wanafunzi wa sekondari. Nasema hivyo kwa ajili ya wasomaji wengine.

#7 Ustadh_Kuze

Nimefurahi kuona mjadala wa adabu. Ninawafundisha vijana jioni, na nakubali kwamba kukubaliwa na rika ni jambo zito katika umri huo. Hata usomaji wa Qur'ani hubadilika mbele ya wenzao, mwingine husoma vizuri zaidi na mwingine hupotewa na aya aliyoihifadhi tangu utotoni.

Lakini nina maelezo mengine mawili ambayo hamjayagusa. Kwanza ni usingizi. Baada ya kubaleghe saa ya mwili husogea mbele, kijana hasinzii mapema hata akilazwa mapema, nasi tunamwamsha alfajiri kwa Sala, kisha akimbilie matatu awahi shule. Kijana asiyelala vya kutosha miezi na miezi atapoteza hamu bila kuhitaji nadharia ya tuzo. Pili ni kukosa lengo. Katika vijana niliowaona wakizama, wengi walikuwa hawajui kesho yao inaelekea wapi. Kundi linaweza kumpenda sana mtu kama huyo, na bado moyo wake ukawa mtupu.

#8 Mama_Mapacha_Kisauni

Salaam. Mimi sina elimu ya ubongo, nina mapacha wa kike. Wamelala chumba kimoja tangu kuzaliwa, wamesoma madrasa moja na shule moja, na simu walipewa siku moja ili pasiwe na ugomvi. Mmoja alipofika kidato cha pili alizima. Alikuwa akinisaidia kukanda unga wa mahamri alfajiri huku akinisimulia habari za shule nzima; akawa anakanda kimya, kisha akaacha kuja jikoni. Mwenzake hakupatwa na lolote. Maelezo yenu ya tuzo, ya simu na ya usingizi yote yanawahusu wote wawili sawasawa. Kwa nini mmoja?

#9 Mfanyabiashara_Kongowea

Nimekaa kimya, sasa niseme. Nyote mnachukulia kwamba kijana mwenye sonona amekosea hesabu. Je, kama amepatia? Mchuuzi akienda soko moja kila siku na kurudi na mzigo wake, siku anapoacha kwenda hatusemi ubongo wake una kasoro. Kijana wa Kisauni anawaona kaka zake waliomaliza kidato cha nne na alama nzuri wamekaa maskani, mwingine anatafuna muguka, yale majani ya kulevya, tangu asubuhi, mwingine anaendesha bodaboda ya mtu. Anaambiwa asome kwa bidii kwa sababu tuzo inakuja. Kwa ushahidi alionao, haiji. Mnataka kumpeleka kliniki ili ajifunze kutarajia kisichokuwapo?

#10 Nahodha_Mstaafu

Kwa mara ya kwanza katika uzi huu nimeelewa sentensi zote.

#11 Muuguzi_Mikindani

Ndugu wa #9, hoja yako ni nzito na sitaipuuza, maana dhiki ya nyumbani ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya sonona popote ilipopimwa. Lakini inaeleza kukata tamaa juu ya kazi na masomo. Haielezi kwa nini kijana huyo huacha pia kusikiliza muziki, kula chakula anachokipenda, na kumchekea mdogo wake, vitu ambavyo havigharimu kitu na havitegemei ajira. Wala haielezi kwa nini baada ya kubaleghe wasichana hupata sonona karibu mara mbili ya wavulana, ilhali wamekulia mtaa mmoja.

Tena watoto wa Nyali wenye kila kitu pia huja kwetu.

#12 Kijana_Likoni

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19 na anayezungumziwa hapa ni mimi, au alikuwa mimi wakati nikiwa kidato cha tatu, kwa hiyo niruhusuni niseme neno.

Kilichonishangaza ni kwamba furaha haikuisha yote. Marafiki wawili walinijia nyumbani bila taarifa, wakanivalisha viatu karibu kwa nguvu, tukavuka kwa feri hadi ufukweni Mama Ngina. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, upepo ukituvurugia karatasi, na nikacheka, kicheko cha kweli, mpaka machozi. Sikuigiza. Kesho yake walinipigia waje tena, na nikiitazama ile safari niliona foleni ya feri, jua, na mimi nikikaa kimya katikati ya watu wanaozungumza. Kumbukumbu ya jana haikunisaidia hata kidogo. Nilijua kwamba nilifurahi, lakini ujuzi huo haukuwa na uzito wowote nilipokuwa nikiamua. Nikawaambia naumwa kichwa.

Kwa hiyo ndugu wa #9, mimi hesabu yangu ilikuwa na makosa, na nilikuwa na ushahidi wa jana yake tu kwamba ina makosa.

#13 Muuguzi_Mikindani

Ahsante sana kwa kutuambia, mwanangu. Ulichokieleza kinafanana na tofauti ambayo Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ameifanyia kazi kwa miaka mingi, kwanza kwa panya. Kupenda kitu unapokipata na kukitaka kabla hujakipata ni mambo mawili yenye njia tofauti ubongoni. Panya aliyeondolewa karibu dopamini yake yote haendi kutafuta chakula, lakini akiwekewa sukari mdomoni bado huonyesha dalili za kuifurahia. Ndiyo maana swali "je, ulifurahia?" halitoshi kliniki; tunahitaji pia kuuliza, "je, ulitazamia kufurahia?"

#14 Msimamizi

Kwa kuwa wapo wasomaji wanaopitia hali hii sasa hivi: laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bure. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri uzi uishe.

#15 Ustadh_Kuze

Allah akuzidishie afya, Kijana wa Likoni. Nauliza kwa nia njema: je, waliokujia wangekuwa watu wazima badala ya marafiki, ungekwenda?

#16 Kijana_Likoni

Amin, Ustadh. Nisingekwenda.

#17 Hesabu_Kibokoni

Jibu la #16 lina utafiti wake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walihatarisha gari zaidi sana walipotazamwa, ilhali watu wazima hawakubadilika kwa kiasi hicho. Mwaka 2010 Catherine Sebastian na wenzake, akiwemo Sarah-Jayne Blakemore, walitumia mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, ambamo wachezaji wengine huacha ghafla kumrushia mshiriki, wakakuta kwamba hali ya moyo ya wasichana wa umri wa balehe ilishuka zaidi kuliko ya wanawake watu wazima. Mpira wenyewe ni wa kuchorwa tu.

Kuhusu simu, kwa kuwa imetajwa mara nyingi: mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake wa Los Angeles waliwaonyesha vijana picha zenye laiki nyingi na chache, wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo, na maeneo ya tuzo yaliitikia zaidi picha zenye laiki nyingi, hasa zilipokuwa picha zao wenyewe. Wengi husimama hapo na kuhukumu. Lakini mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, na matumizi ya teknolojia ya kidijitali yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Striatamu kuwaka na mtoto kuugua ni mambo mawili, na baina yao kuna njia ndefu ambayo bado haijapimwa yote.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: karibu kila tulichokitaja kimepimwa Ulaya, Marekani au Australia.

#18 Binti_Makadara

Si kila kitu. Jean Ensminger aliwachezesha Waorma, hawa jirani zetu wa Tana River, michezo ya kugawana fedha inayotumiwa na wataalamu wa maamuzi. Ulipofika mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, Waorma waliutambua mara moja wakauita mchezo wa harambee, na wakachangia kwa ukarimu. Napenda mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba mtu haamui kwa kutazama fedha iliyo mbele yake tu, huamua kwa kutazama mchezo huu unafanana na nini katika maisha yake. Kijana wetu naye, kundi la WhatsApp kwake linafanana na nini? Baraza? Darasa? Mahakama?

#19 Nahodha_Mstaafu

Harambee nazifahamu. Waliochangia kwa ukarimu zaidi ni wale ambao jina lao lingesomwa kwa kipaza sauti. Hamkuhitaji mtafiti.

#20 Hesabu_Kibokoni

Nahodha ameeleza tuzo ya kijamii kuliko sisi sote.

Ila mwalimu, Waorma hawakupimwa sonona. Rudi kwenye hoja.

#21 Binti_Makadara

Narudi. Kama hoja yangu ina ukweli, lazima iseme kitu kuhusu tiba. Peter Lewinsohn tangu miaka ya 1970 alisema kwamba mtu huzama pale matendo yake yanapokosa kurudishiwa mema, na kutokana na kazi kama yake ikakua tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli hatua kwa hatua, bila kungoja hamu ije kwanza. Hapa kwetu Kenya, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walichapisha mwaka 2021 majaribio yaliyohusisha wanafunzi zaidi ya 400 wa sekondari. Vijana waliotoka shule karibuni, wasio wataalamu, waliongoza vikundi kwa wiki nne, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko katika vikundi vya kulinganisha vilivyofundishwa mbinu za kusoma. Nadhani sehemu ya siri ni kwamba kijana alisema neno katika kundi, na kundi likamjibu.

#22 Hesabu_Kibokoni

"Nadhani" hiyo ndiyo yenye mzigo wote. Vikundi vile vilifundisha kuamini kwamba mtu hubadilika, kushukuru, na kuzitambua tunu zake, tuzo haikupimwa. Tena vikundi vya kulinganisha navyo vilikaa pamoja na kujibizana, kwa hiyo kujibiwa peke yake hakuwezi kueleza tofauti baina yao. Ustadh wa #7 anaweza kudai ushindi huo kwa ajili ya lengo la maisha, na sitakuwa na la kumpinga.

#23 Ustadh_Kuze

Naudai.

#24 Mama_Mapacha_Kisauni

Bado sijajibiwa #8.

#25 Muuguzi_Mikindani

Dada, si kwamba tumekupuuza. Mapacha wa nyumba moja hawaishi maisha mamoja: mmoja huwa na rafiki ambaye mwenzake hana, mmoja huaibishwa darasani siku ambayo mwenzake hayupo. Ikiwa si wa kufanana, hata urithi wa damu wanatofautiana kama ndugu wengine wowote. Mtu wa tuzo atasema kwamba mmoja alitarajia zaidi kutoka kwa watu, na hivyo alikuwa na zaidi ya kupoteza. Sina namna ya kukuthibitishia hilo kwa binti yako. Hali yake ikoje sasa?

#26 Mama_Mapacha_Kisauni

Alhamdulillahi, anakwenda kliniki na amerudi kula. Jikoni bado. Na ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa na marafiki wengi zaidi.

#27 Nahodha_Mstaafu

Haya, mzaha kando. Nina mjukuu wa miaka 16 huko Bamburi ambaye zamani hakukosa kuja kwangu Ijumaa kuvua samaki, na sasa kila nikimpigia kumuuliza kama anataka kuja, hujibu "hapana, babu" kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nimwache au nimfuate?

#28 Muuguzi_Mikindani

Mfuate, Nahodha, na usimuulize kama anataka. Swali hilo linamlazimisha apige ile hesabu ambayo Kijana wa Likoni ametueleza, na jibu lake litakuwa hapana kila mara. Mwambie, "Nimefika mlangoni, tunakwenda nusu saa, nyavu nimebeba mimi." Iwe fupi na yenye uhakika. Na kama imepita wiki mbili akiwa hivyo, mzazi wake ampeleke hospitalini aangaliwe; nyavu haziwezi kuchukua nafasi ya hilo.

#29 Kijana_Likoni

Shikamoo Nahodha. Naomba nitofautiane na Bi Muuguzi kwa heshima. Mimi walinijia mlangoni nikafurahi, lakini mjomba wangu alifanya hivyo hivyo kila wiki, na kila mara nilipokwenda naye nilirudi nikijiona mzigo, kwa kuwa nilijua amekuja kwa kunihurumia. Muulize mjukuu wako kitu unachokihitaji kweli kutoka kwake. Una chochote?

#30 Nahodha_Mstaafu

Macho yangu hayaoni tena kutia uzi kwenye sindano ya nyavu.

#31 Hesabu_Kibokoni

Tumebaki na njia mbili zinazopingana na kijana mmoja wa kupimia. Nahodha, ukienda Ijumaa utuletee majibu, ingawa takwimu ya mtu mmoja sitaikubali.